Uma Wenye Masikio

Miaka minne nilisimama kwa mapaja.
Fiksi haina friwili: gurudumu likizunguka, pedali nazo,
na ukitaka kutua unabishana nazo,
nyama kwa mnyororo, hadi mmoja wenu akubali.
Niliwacheka wenye breki.
Niliwaita abiria.

Kisha Machi, mvua ya saa kumi, mteremko wa Valley Road,
mgongoni bahasha za maabara,
mnyororo ukaruka.
Haukupiga kelele. Pedali zikawa nyepesi tu,
kama ngazi unayoikanyaga gizani, kumbe haipo.
Miguu ikazunguka hewa.
Kilichonisimamisha ni trei ya Mama Nyamoita
na kigoda chake,
na mwavuli.

Mayai thelathini. Kachumbari, sahani moja.
Aliokota ganda, akaligeuza, akauliza:
"Hii yako ilifundishwa kwenda tu?"

Kibanda cha Kisilu kiko nyuma ya Barabara ya Kirinyaga.
Nikamwambia, breki ya diski, mbele.
Akaupapasa uma wangu toka shingo hadi ncha.
"Huu hauna masikio," akasema.
Pa kufungia koleo la breki hapakuwa na kitu,
chuma laini, kimenyooka, kimejaa maringo.
"Sikio la kufa..." akaiacha methali njiani
akanituma Gikomba.

Uma nilioupata ulikuwa wa baiskeli ya mlima, ya mtoto wa watu,
stika ya papa bado imeng'ang'ania,
na upande wa kushoto masikio mawili.
Habu ya matundu sita ilitoka gunia jingine.
Mia nane, akasema mwenye gunia.
Tulifika mia sita na hamsini tukiwa tumechokana.

Kisilu alisuka spoku hadi taa zikawaka,
thelathini na mbili, akizidonoa kwa ukucha na kusikiliza;
iliyolia chini aliikaza robo, akarudi tena.
Diski aliifungua mwisho, kwenye gazeti.
"Weka mikono mfukoni! Vidole vyako vina chipsi."
Akaipangusa kwa spiriti.
Bolti sita, akizirukaruka, hii kisha ya ng'ambo,
kama anayegawa karata kwa watu waliokosana.

Ya nne ikaliwa nyuzi. Tukanyamaza.
"Kuvunjika kwa koleo..." nikaanza, nimliwaze.
"Koleo ni zima. Ni bolti." Akachukua nyingine.

Gurudumu likakaa, likazunguka, likasugua:
shii, shii, shii,
kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani ukutani.
"Legeza hizi mbili. Sasa bana breki.
Bana. Usiachie."
Nikabana. Koleo likajisogeza lenyewe
upana wa unywele, likapata katikati yake,
na hapo hapo, kabla sijapumua, akakaza.
Nikaachia.
Kimya. Diski inapita kati ya pedi
kama barua chini ya mlango.

"Mara thelathini," akasema, "ndipo zizoeane."
Nilikwenda barabara ya nyuma, iliyolala Jumapili,
nikahesabu kwa mayai.
Yai la kwanza: gurudumu la nyuma likapaa,
nikaiona lami karibu kuliko nilivyozoea.
Yai la tano: kidole kimoja chatosha.
La kumi na saba sikumbuki, mbwa alipita.
La thelathini: pua yanukia chuma moto,
na mapaja bado yanabisha, kwa mazoea,
wazee wasioambiwa kuwa kesi imekwisha.

Uma mpya ni mrefu. Baiskeli imeinua kidevu,
sijaupenda mwonekano wake.
Kisilu naye hajaupenda, ila yeye hulipwa.

Jumatatu nikateremka Valley Road, barabara kavu,
mkono wa kulia juu ya breki kama juu ya kitasa,
nikatua hatua moja kutoka mwavulini,
hata chumvi haikutikisika kwenye kibakuli.
Nikangoja.
Mama Nyamoita alikuwa anamenya.
"Bado trei," akasema bila kuinua macho.
"Na ile sahani."