Mhimili wa Nyuma

Nambozo alilinunua mnadani, karatasi zikiwa na mihuri mitatu,
akalileta Namakwekwe likivutwa kwa mnyororo:
lori la jeshi, mihimili mitatu, matairi kumi,
rangi imechubuka mlangoni,
chini yake rangi nyingine, na chini yake nyingine.
"Likate," akasema. "Sibebi mizinga, nabeba kabichi.
Matairi kumi ni ada ya watoto wanne."

Nikachora kwa chaki. Nikapima mara tatu,
maana chuma hakisikii samahani.

Nati za yuboliti zilikataa.
Tukazipa moto, tukazipa dizeli,
tukazitukana kwa Kigisu, kimya.
Nilipozitukana kwa Kiswahili
ya kwanza ikalia kwii, ikalegea.
Wanzala akacheka chini ya chesi:
"Hii inajua lugha ya kambini."

Mimi sikucheka sana.
Kwetu Kiswahili kilifika kimesimama nyuma ya lori kama hili,
na kilikuwa na maneno matatu:
Simama. Kipande. Panda.
Mjomba Mafabi alipanda.
Neno la nne hatukulisikia.

Siku ya tatu mhimili wa nyuma ukaanguka vumbini,
difu yake kama tumbo la nguruwe,
ukatema oili nyeusi inayonuka yai viza.
Nikaingiza mkono ndani ya chesi, nikakwangua tope:
la juu jeusi, la mlimani kwetu;
chini yake jekundu;
chini ya jekundu, mchanga mweupe wenye vipande vya makoa.
Nikamwambia Wanzala afagie.
Kisha nikamwambia aache.

Iliyobaki ilikuwa hesabu:
kuziba tundu la difu ya kati, nguvu ilikopitia kwenda nyuma,
kukata chesi futi nne,
kuusogeza mhimili uliosalia uje chini ya mzigo,
kufunga springi za lori la miwa, majani kumi na moja,
badala ya zile zilizobembea kama mizani,
kurefusha propela, na kumpelekea Wepukhulu aisawazishe
isije ikatetemeka kama mzee wa homa.
Usiku nilichomelea. Majirani walifunga madirisha.

Jumamosi likasimama, fupi, na haya kidogo,
kama askari aliyevua buti.
Nambozo akalizunguka mara mbili, akapiga teke tairi,
akapunguza elfu hamsini kwa sababu ya taa moja.

Tukalijaribu njia ya Budadiri, mvua imetoka kupita.
Kona iliyokuwa ya kurudi nyuma mara tatu
likaikata mara moja.
Lakini kwenye utelezi kiuno chake kilikwenda upande,
nikajua tumelinyang'anya kitu pia:
matairi kumi hayabishani na tope.

Kijana wa kupakia akapiga bodi kwa kiganja: "Panda!"
Mgongo wangu uliganda kabla akili haijafika.
Wanawake watano wenye vikapu wakapanda,
wakigombana juu ya bei ya vitunguu.

Sokoni Mbale Nambozo alizima injini,
akaniona bado nimeshikilia dashibodi.
"Shuka, fundi," akasema. "Tumefika."

Mhimili ule uko uani kwangu mpaka leo.
Watu wa chuma chakavu wametaja bei nzuri, nimekataa,
na sijui kwa nini.
Kuku wa jirani hutagia ndani ya ngoma ya breki.