Goti la Lameki Nyirongo

Wamesimama kumi na mmoja
mbele ya karakana ya Reli, Dodoma,
na nyuma ya picha mtu ameandika majina kwa wino wa zambarau:
Fakihi wa Stoo, Chilongani, Karani D'Mello,
wote mpaka wa mwisho kulia: Mnyasa.
Basi. Mnyasa.
Kana kwamba ziwa zima limekuja kupigwa picha.

Huyo ni babu yangu.
Alitoka Karonga kwa miguu,
na miguu hiyohiyo ndiyo aliyoingia nayo uwanjani,
unyayo mgumu kama ngozi ya ngoma.
Alikuja kutia kuni kwenye injini.
Siku ya tatu, saa ya chai, mpira wa matambara ulimjia
akautuliza, akatazama kushoto, akaupeleka kulia.
Msimamizi aliweka kikombe chini.
Toka jioni ile hakushika tena kuni:
alipewa ufagio, na Jumamosi zote.

Kigogo alijifunza cha matusi kabla ya cha salamu,
kwa wachungaji waliosimamisha ng'ombe kwenye mstari wa pembeni
wakimpigia kelele apige, apige, anangoja nini!
Yeye haf-beki. Kazi yake kungoja.

Mwaka wa thelathini na sita waliwafunga Morogoro
mbili kwa moja, vumbi hadi kwenye meno.
Kombe likaenda ofisini kwa mzungu.
Wachezaji wakapata chai na nusu mkate kila mtu;
babu alikula robo, robo akamfungia Mbeleje,
binti wa muuza maziwa,
ambaye baba yake alikuwa ameapa
hatamwoza mtu asiye na hata mbuzi.
(Mkate ule, bibi alisema, ulikuwa mkavu. Akaula.)

Tabora ndiko goti lilikopasukia.
Alisikia mlio, akasema, kama wa kuni mbichi motoni.
Wakamrudisha kwa behewa la mizigo juu ya magunia ya karanga,
na mwisho wa mwezi shilingi kumi na nane,
na ufagio akapewa mwingine.

Miaka minne. Hiyo ndiyo kazi yake yote ya mpira.

Iliyobaki ni mtama, Kikuyu, na goti.
Goti lilijua mvua. Likianza kuuma Novemba
majirani walikuja na majembe begani:
"Nyasa, linasemaje?"
Alilikanda, akafumba macho, akangoja,
kama zamani, mpira mguuni, watu wakipiga kelele.
"Bado," alisema. Au: "Kesho pandeni."
Mwaka mmoja liliwadanganya wote, mbegu ikaungua ardhini,
na hakuna aliyemsalimu mpaka Pasaka.

Leo nimechukua kalamu nyuma ya picha.
Karatasi imezeeka, inakataa wino,
nimebonyeza tu: Lameki Nyirongo, haf-beki.
Ukiiinamisha kwenye mwanga, inasomeka.
"Mnyasa" sikulifuta.
Alikuwa akiitika.