Mapepe

Jumamosi, manyunyu, mlima umejifunika shuka gubigubi,
nikaenda Mbuyuni kununua buni.
Sikutaka tena ya kopo. Nilitaka mbichi,
nikaange mwenyewe, nisage mwenyewe,
nijue ninachokunywa kimetoka kihamba gani.

Haikaeli ana ndoo sita, kila moja na kipande cha boksi:
Uru, Kibosho, Marangu, Mbinga, Karagwe.
Ya sita haina jina.
"Hiyo usiulize," akasema, "hiyo ni ya bei."
Kisha akanifundisha, mkono umezama ndooni hadi kifundo:
rangi iwe kijani chenye buluu kwa mbali, kama mshipa mkononi.
Ing'ate. Ikibonyea, bado ina maji;
ikilia ka, imekauka sawa.
Inuse. Ikinuka gunia, iache na gunia lake.

Nikang'ata, nikanusa, nikajifanya mtaalamu,
mimi niliyezaliwa katikati ya mibuni mia tatu na ushei
na kufika miaka thelathini kabla ya kuionja iliyo nzuri.
Nikachukua ya Kibosho. Kwetu.
Kilo moja na nusu.

Mama alikuwa kwangu, Pasua, kaja kwa ajili ya macho:
moja wamelifunga pamba,
la pili linaona ukungu na vivuli vya watu.
Nikamwekea ungo mapajani.
"Nichagulie, Mama, mimi niwashe mkaa."
Vidole vikaanza kabla sijamaliza kusema.
Havikuuliza jicho.
Nyeusi, huku. Iliyotobolewa na mdudu, huku.
Iliyovunjika, iliyosinyaa,
iliyo nyepesi kama ahadi ya karani, huku.
Nzima, kule.
Tk, tk. Mlio ule ule wa jioni za msimu,
sisi watano tumeizunguka chemli,
baba akipiga hesabu ya malipo ya pili
na kuyagawa kabla hayajaja:
ada, dawa ya chulebuni, deni la jirani.
Yalikuja mara moja. Tukanunua bati nane.

Mwenye nyumba akaniita getini, mambo ya bili ya maji.
Dakika ishirini. Labda nusu saa, anapenda kueleza.
Niliporudi korido nzima ilifuka,
na jikoni punje zilikuwa zinalia kama bisi.

Mama ameshakaanga.

Ungo mtupu.
Mlangoni, kiroba kidogo kimefungwa kwa kamba ya katani,
fundo lile lisilofunguka kwa meno.
Na kikaangoni: vipande, matundu, mapepe matupu,
mengine yamekwisha kuwa mkaa.
"Mama, hizi ndizo mbovu."
"Ndiyo," akasema, akikoroga. "Ndizo zetu."
"Na zile?"
"Za chama."

Chama chetu kilifungwa mwaka ule mizani ilipoibiwa.
Mbuzi wa mtu wanalala ofisini,
na daftari la baba, kama lipo, wameshalitafuna.
Nilikuwa na maneno.
Nilikuwa na somo zima la Haikaeli ulimini.
Nikachukua kinu.

Tukainywa bila sukari, kwa sababu iliisha Alhamisi.
Chungu. Majivu. Kitu kama kamba iliyoungua,
na nyuma yake, mbali kabisa, utamu mdogo
uliopita haraka kama mtu asiyetaka kusalimiwa.
Nikaujua.
Nikaongeza kikombe.

Asubuhi nikamkuta mlangoni, kitenge kifuani,
amekinyanyua kiroba kwa mkono mmoja,
anakipandisha, anakishusha, kichwa kimeinama upande
kama anayesikiliza.
"Bado hujapeleka?"
Nikasema napeleka.
"Kilo na robo," akasema.
"Karani asikwambie vingine."