Upande wa Nyuma

Mashine haimjui mtu.
Inajua alama tatu nyeusi kwenye kona za karatasi,
inazisaka kwa jicho lake dogo jekundu
kama mlevi atafutaye tundu la ufunguo.
Ikizipata, hunguruma kidogo, hushusha kisu.

Ostrava, ghorofa ya tano, meza ya jikoni.
Theluji ya Februari imegeuka kijivu kabla ya kugusa ardhi
na mimi, Drahomíra, nimekwisha kuchora watu kumi na mmoja
wa Kituo cha Tramu:
mkagua tiketi, mapacha wanaogombania kofia,
padri aliyekumbatia karoti,
mama aliyelala wima.
Kimo chao milimita thelathini na mbili.
Kila mmoja ana mbele na nyuma,
mstari wa nukta utosini pa kukunjia,
ulimi mdogo miguuni wa kutilia gundi.
Watu nisiowajua watanunua faili,
watachapisha kwenye karatasi ya gramu mia na sitini,
wataibandika juu ya mkeka unaonata,
na kituo changu kitasimama mezani kwao,
Hobart, Tampere, sijui wapi.

Wa kumi na mbili ni baba.

Picha zake ninazo tisa, zote za mbele.
Ya kitambulisho cha kiwanda. Ya harusi.
Ile ya siku alipozawadiwa saa
kwa miaka thelathini ndani ya kibanda cha winchi,
anaitazama kana kwamba imemtukana.
Uso nimeunakili jioni moja tu:
kivuli chini ya pua, kidevu, ile nyusi iliyokatika.
Ni yeye. Wala si yeye.

Na mgongo?
Nani humpiga picha mtu anayeondoka?

Vendelín wa mlango wa pili, miaka tisa,
mjaribu wangu mkuu, vidole vyote gundi,
ananishauri: Mpake mweusi tu huko nyuma.
Wengine hufanya hivyo.
Kweli, wengine hufanya hivyo.

Nikashika kalamu, na mkono ukaenda wenyewe.

Kwa kuwa miaka sita, kila Jumapili,
nilikaa nyuma yake kwenye pikipiki hadi kwa bibi Opava,
shavu limebanwa kwenye koti la ngozi.
Begani kushoto, mshono uliorudiwa kwa uzi wa kijani
kwa sababu mweusi uliisha.
Doa la grisi lenye umbo la bata.
Mkanda uliokosa kitanzi kimoja.
Mikunjo miwili ya kisogo, na nywele
alizokatwa na mama huku wakibishana.
Harufu haichapishiki.

Wamesema, akupaye kisogo si mwenzio.
Waliosema hawakupakiwa nyuma ya mtu mnene
wakati wa baridi.
Mimi nilipewa kisogo,
na upepo wote wa barabara ile ukaishia kwake.

Nimeuchora mgongo kichwa chini
ili karatasi ikikunjwa, usimame.
Nimeacha milimita moja ya rangi nje ya mstari,
maana kisu nacho hutetemeka.
Mara ya kwanza kilizama mno, kikamnyofoa mkono.
Mara ya pili mkeka ulimng'ang'ania mguu.
Mara ya tatu alitoka mzima,
nami nikampitishia kalamu nyeusi pembeni pote:
ukingo mweupe humsaliti mtu kuwa ni karatasi.

Vendelín akamsimamisha kituoni,
uso kwenye reli, mgongo kwetu.
Mbona umemgeuza?
Anangoja tramu, akasema. Sasa atazame wapi?

Faili nimeihifadhi. Watu kumi na wawili.
Uzi wa kijani, kwa kipimo hicho, ni nukta moja;
mtu ataiona, atadhani printa yake ni chafu.
Sikuifuta.