Kiswahili cha Guga

Mwalimu Ombima alipitisha kalamu nyekundu
juu ya mstari mzima: *Mimi iko hapa.*
Nani kakufundisha uchafu huu?
Nikasema, Guga.
Darasa zima likaangua kicheko.

Guga hakukipata Kiswahili kitabuni.
Alikipata gwarideni, mwaka wa arobaini na mbili,
kimeshanyolewa viambishi
kama vichwa vya makuruta siku ya kwanza.
Nyumbu yangu. Mkate yangu. Bwana mkubwa yangu.
Watu wanaopokezana risasi gizani
hawana muda wa ngeli.

Koplo Kegode, na vita vyake havikuwa na hadithi.
Ukimwuliza Burma ilikuwaje, alisema: Mvua.
Ukimwuliza tena: Mvua, na nyumbu.
Wali hakuula, hata Krismasi.
Bibi alimsongea ugali wake wa wimbi pembeni
na hakuna aliyeuliza mara ya pili.
Nishani aliifunga kwenye ufunguo wa ghala;
ikaning'inia pale miaka yote,
mfalme akilinda mahindi.

Mara mbili kwa mwaka alishuka Kisumu
amevaa kabuti, katika jua lile la Kisumu,
kuulizia karatasi fulani katika ofisi fulani.
Jioni alipanda mlima na mkate na samaki wa kukaanga,
akasema karani ni mtoto mzuri, tena ana adabu,
amesema nirudi.

Mwanawe wa pili alimwita Nzioka.
Nzioka, hapa Maragoli!
Wazee wa ukoo walikuja, wakanywa chai, wakauliza
jina la Ukambani limeingiaje boma hili,
na mbona Amugune, aliyekufa na njaa ya kuitwa,
amerukwa.
Guga akasema: Limekuja kwa miguu.
Akawaongeza chai.

Usiku, kabla ya komeo kuingia, aliita majina.
Kwanza yetu, wajukuu, na kila mmoja alipiga kelele *Iko!*
tukisukumana, mmoja akijibia mwenzake aliyelala.
Kisha majina mengine, ya watu tusiowajua:
Sabastiano. Okech wa Gem. Chepkwony.
Banda, yule Mnyasa.
Baada ya kila jina aliacha nafasi,
ya kumtosha mtu kuvuta pumzi na kusimama wima.
La mwisho lilikuwa Nzioka,
na baba mdogo Nzioka, mtu mzima mwenye mke na deni la ng'ombe,
alijibu kutoka nyumbani kwake ng'ambo ya migomba:
Iko.
Ndipo mlango ukafungwa.

Alikufa mwezi wa Aprili, njia zote zikiwa matope.
Sisi ni wa kanisa la Marafiki, watu wasiobariki vita;
mchungaji alisimulia utoto, ubatizo, ndoa, chai aliyoipanda,
na ile miaka minne akairuka
kama mtu anavyoruka dimbwi na viatu vya Jumapili.
Kisha akatuomba tunyamaze, kama desturi yetu.
Tukanyamaza.
Hapakuwa na tarumbeta wala bendera.
Mvua tu, na punda wa jirani
aliyefungwa kwenye jiwe, masikio yamelowa.

Katikati ya kimya hicho baba mdogo alisogea ukingoni,
udongo mwekundu umempanda hadi magotini,
akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo:
Koplo Kegode.

Akaacha nafasi.

Mimi sasa ni mwalimu, na kalamu nyekundu ninayo.
Niko, yuko, tuko, wako,
uniamshe usiku wa manane nitakupangia bila kukosea.
Nafasi ile ilizidi kurefuka,
watu wakitazama viatu vyao,
na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Iko, nikasema.