Kidato Kimoja

Kwenye simu Bi Hesketh alisema: kimoja tu, mpenzi,
kidogo hivi – nikahisi anakipima hewani kwa vidole –
hata paka wetu hakioni.
Mimi si paka, Bi Hesketh.
Sikumwambia. Nilikuwa nimeshalipa amana.

Miaka kumi na minne niko juu ya magurudumu,
tangu jukwaa la wajenzi kule Leeds lilipoachia boliti moja
na mimi na ndoo ya rangi tukashuka pamoja.
Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa hesabu.
Mlango wa choo cha treni: sentimita themanini na moja.
Mimi na kiti changu: sitini na sita.
Middlesbrough: dakika tisa za kubadili treni,
na Dermot, mwenye rampu, yuko upande wa pili
anamalizia chai.

Whitby inanuka chumvi na moshi wa samaki.
Mawe ya vichochoroni yananigonganisha meno.
Kaka yangu Shaame ananisukuma
akiniomba radhi kwa kila jiwe
kama kwamba ni yeye aliyeyapanga.

Kidato kilikuwa kimoja kweli. Mama wa watu hakudanganya.
Sentimita kumi na tisa za jiwe jeusi.
Nikainuliwa na Shaame na bwana mmoja
aliyekatishwa supu yake, leso bado shingoni:
kushoto, kushoto, angalia ukuta, haya, weka.
Hivyo ndivyo kabati huhamishwa nyumba.
Kabati haliulizwi.

Asubuhi, magofu ya abasia juu ya kilima,
na ngazi mia moja tisini na tisa, wanavyodai wenyeji.
Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Asiyepanda hawakumwachia neno.
Shaame akanitazama. Akatazama ngazi.
Nenda, nikamwambia. Unihesabie.

Rafaqat wa teksi aliijua njia ya nyuma,
ile inayozunguka mashambani kwenye kondoo.
Hakuniuliza nilipatwa na nini.
Aliuliza kama napenda dirisha wazi.
Napenda.

Basi nikafika wa kwanza. Jambo hilo halinitokei.
Matao bila paa, mawingu yakipita madirishani pasipo tiketi,
changarawe iliyoshindiliwa ikashika magurudumu,
nikayazunguka magofu mara mbili,
mara ya pili kwa kasi, kwa mikono yangu,
hakuna kiganja cha mtu mgongoni.
Chini, mapaa mekundu, daraja likijifungua kupisha mashua,
na vichwa ngazini, vidogo mithili ya punje za mtama,
vikisimama kuvuta pumzi.

Kikohozi cha Shaame kilitangulia, mwenyewe akafuata.
Mia moja tisini na saba, akasema.
Mama mmoja mwenye fimbo za kupandia milima akakataa:
mia mbili kasoro moja, imeandikwa.
Binti yake alikuwa na mia mbili na tatu
wala hakuwa tayari kupunguza.
Wakabishana, nyuso zimewaiva,
kwa ile raha ya watu waliosumbuliwa na kitu kimoja.
Kisha binti, kwa adabu, akanigeukia:
na wewe umepata ngapi?

Kimoja, nikasema.

Jioni tuliporudi kilikuwa pale pale mlangoni.
Bi Hesketh alikuwa amekifagia vizuri,
na pembeni yake ameweka chungu cha maua.