Wiki Mbili za Hewa

Mashine ya kituo cha afya Hombolo ilisema wiki kumi kamili.
Ilikuwa tarehe kumi na mbili Mei, jeli baridi tumboni,
na kitu cha ukubwa wa zabibu kinarukaruka kiooni
kana kwamba kimesikia kinajadiliwa.

Ndahani akahesabu kwa vidole, kinyumenyume,
Mei, Aprili, Machi. Akafika tarehe tatu, akasimama hapo
kama mtu aliyekuta mlango wake una kufuli jipya.
"Tarehe tatu Machi nilikuwa Kibaigwa, napakia mahindi.
Nilirudi ishirini na moja."
Hakunitazama. Aliitazama mashine.

Muuguzi Agripina akavuta droo,
akatoa gurudumu la karatasi lililochakaa kingo.
"Baba, tulia. Mimba haihesabiwi tangu siku mliyolala.
Inahesabiwa tangu damu yake ya mwisho.
Wiki mbili za kwanza ni za hewa.
Hamna mtoto humo, hamna baba,
ni kalenda tu imetangulia."
Akalizungusha gurudumu. "Kumi na saba Machi.
Toa siku tano, au ongeza siku tano.
Ishirini na moja imo."

Ndahani akacheka kicheko cha mtu aliyerudishiwa chenji.
Njiani akaninunulia soda mbili, zote zangu.

Mimi nina kalenda nyingine.
Kumi na sita Machi tulikuwa tunavuna,
mvua ikatubana kwenye banda la kreti,
mimi na Chilongani wa mizani,
anayechomeka kalamu sikioni na kutuandikia kilo.
Sisemi nilighilibiwa. Sikughilibiwa.

Kumi na sita nayo imo.

Muuguzi alinitetea kwa kweli tupu,
nami nikaibeba kweli ile hadi nyumbani
kama kuku wa wizi, nimeikaba mdomo isilie.

Miezi iliyobaki nilipiga hesabu kuliko miaka yote ya shule.
Kumi na sita, ishirini na moja,
siku tano katikati, na mashine haioni siku tano.
Tumbo halina muhuri wa posta.

Sechelela alizaliwa Desemba,
na kila aliyekuja kumwona alikuja na pua ya mtu.
"Pua ya babu yake wa Mvumi." "Hapana, ya mama mkubwa."
Nilizitazama pua hadi zikapoteza maana.

Nilimwambia Ndahani tukimenya karanga.
Hakunipiga. Hakuuliza wapi, wala nani.
Aliuliza tarehe.
Nikaitaja. Akamenya karanga tatu zaidi,
maganda akayatia bakulini, karanga akazitupa nje.
"Basi tukapime."

Barua ya afisa ustawi, fomu, mihuri, nauli ya mjini.
Pamba ya shavu: langu, lake, la mtoto.
Sechelela aliing'ang'ania ya kwake, akainyonya,
ikabidi ichukuliwe nyingine.
Chilongani hakuitwa. Akikataliwa huyu, walisema,
ndipo aitwe yule.
Walisema hivyo kwa upole, mbele ya huyu.

Kisha tukaambiwa tungoje wiki mbili.

Leo ni siku ya tisa.
Kwenye kadi ya kliniki, penye jina la baba,
pameandikwa kwa penseli.
Alfajiri nilimkuta Ndahani ameshafua nepi,
anazianika kwenye waya wa mizabibu,
anazikung'uta kwa nguvu kuliko maji yaliyomo.
Sechelela yuko mgongoni pake,
kanga imefungwa ovyo, shingo imelalia upande,
amelala.
Nilisogea nilirekebishe lile fundo.
Nikaliacha.